Akiba kwa kipato cha giza na mbalamwezi: mwongozo kamili kwa watu wa mwaloni, bodaboda na wamachinga wa Mwanza

Semina za elimu ya fedha Mwanza hii hazijapungua, mtu anaitwa ukumbini, anapewa soda na daftari jipya, anaambiwa aandike bajeti ya mwezi, achore mstari, huku matumizi ya lazima huku yasiyo ya lazima, anapiga picha ya pamoja anarudi zake Kirumba, na wiki mbili baadaye kila kitu kiko vilevile. Sio kwamba ni mzembe. Bajeti ya mwezi ni ya mtu anayelipwa mshahara tarehe fulani, sasa mama anayeanika dagaa Igombe au Kayenze hana tarehe ya mshahara, yeye ana giza na mbalamwezi. Kukiwa na giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanafuata mwanga, hela inatembea mwalo mzima, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, mpaka kwa muuza chapati. Mwezi ukijaa taa hazivuti kitu, wiki moja mpaka siku kumi hivi watu wako nchi kavu wanashona nyavu na kukopa unga dukani. Huyo ukimpa bajeti ya tarehe moja mpaka thelathini umempa karatasi tu.

Na hili sio langu peke yangu. Mwaka 2014 kuna watafiti walichambua kwa pamoja tafiti 201 za elimu ya fedha wakakuta mafunzo yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti ya tabia za watu kwenye hela, na kwa wenye kipato kidogo athari ilikuwa ndogo zaidi, tena inafifia kadiri muda unavyopita. Uchambuzi mwingine wa 2022 wa majaribio 76 ulileta picha nzuri zaidi, kwamba mafunzo yanasaidia kweli. Mimi nikiziweka pamoja naona hivi: elimu ya fedha inamsaidia mtu wa hali ya chini kufika kwenye lengo pale inapokuwa kanuni chache za kushika kichwani, inapokuja muda hela iko mkononi, na inapofungwa kwenye kitu kimoja anachokitaka. Nje ya hapo ni soda ya bure.

Kwa hiyo hapa chini sitafundisha uhasibu. Ni hatua kwa hatua, zifanye kwa mpangilio huo, usiruke ya pili ukakimbilia ya nne kwa sababu ya nne ndio tamu.

HATUA YA 1: Ujue mzunguko wa hela yako

Chukua kalenda ya ukutani au simu, weka alama siku za mwezi mpevu kwa miezi mitatu ijayo. Kutoka mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo inahama, mwezi huu inaweza kuangukia katikati, baada ya miezi kadhaa iko mwishoni. Siku chache kabla na baada ya hapo ndio njaa yako, zizungushie duara. Kama wewe sio wa dagaa bado una mzunguko wako: bodaboda wa Buzuruga anajua siku za abiria wengi na siku za kuparki tu, machinga wa Makoroboi anajua mwisho wa mwezi watumishi wakishalipwa na wiki ya tarehe 18 hivi ambapo hata wa kuuliza bei hayupo, na mama lishe wa pale mwaloni anamfuata mvuvi, mvuvi akilala na yeye sufuria linalala. Wa dagaa waongeze na mvua, maana masika ya Machi mpaka Mei mzigo haukauki vizuri, unabadilika rangi unaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Kazi ya hatua hii ni moja tu, kujua siku zako za kazi ni ngapi kwenye mzunguko mmoja. Tuchukulie mama wetu wa mfano, muanikaji wa dagaa, ana siku 18 za kazi. Namba hiyo tutaitumia mpaka mwisho.

HATUA YA 2: Pochi mbili

Hii ndio kanuni moja ambayo ukishika hiyo tu ukaacha nyingine zote bado umefaidika. Huko Jamhuri ya Dominika watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo, wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida, wengine wakapewa kanuni rahisi rahisi tu, kubwa ikiwa kutenganisha hela ya biashara na ya nyumbani. Matokeo yalichapishwa 2014: wale wa kanuni rahisi walibadilika, wale wa uhasibu hawakuonyesha tofauti ya maana.

Pochi moja ni ya mzigo, nyingine ni ya nyumbani. Pochi ya mzigo inanunua dagaa, inalipa vibarua na nauli, basi. Ukitaka kununua mboga, unajilipa kwanza, yaani unatoa kiasi kilekile kila siku ya kazi kutoka pochi ya mzigo kuja ya nyumbani, hicho ni mshahara wako. Ukichota chota tu kila ukiona noti, jioni unajiuliza mtaji umekwenda wapi na hakuna mwizi aliyeingia.

Ngoja nioneshe ukurasa mmoja wa daftari ulivyo, na namba ni za mfano, bei weka zako:

Mzigo wa Jumanne. Ndoo 3 za wabichi kwa 12,000, jumla 36,000. Kubeba 2,000. Kijana wa kugeuza kwenye chanja 3,000. Nauli 3,000. Jumla imetoka 44,000. Nimeuza 62,000. Imebaki 18,000.

Hiyo tu. Mistari saba, hata mtoto wa darasa la nne anakuandikia kama macho yamechoka. Angalia hasa ule mstari wa mwisho, 18,000, maana watu wengi pale mwaloni ukimuuliza leo umepata ngapi anakwambia elfu sitini na mbili, na anaishi kama mtu wa elfu sitini na mbili. Ndio hapo elimu yote ya fedha ilipolala, kujua 62,000 sio yako.

HATUA YA 3: Lengo liwe na jina, bei na tarehe

"Nataka kujiwekea akiba" sio lengo. "Nataka mabati 20 ya kuezeka vyumba viwili Nyamhongolo" hilo ni lengo. Nenda dukani ulizia bei, uliza maduka matatu, usikadirie kwa kusikia. Tuseme bati moja 30,000, mabati 20 ni 600,000.

Sasa hapa ndio watu wanapopotea, wanachukua 600,000 wanagawa kwa miezi sita wanapata laki kwa mwezi, kisha wanagawa kwa siku thelathini, wanapata kama 3,300 na ushee kwa siku, wanaanza kwa mbwembwe. Mbalamwezi ikifika hakuna hiyo elfu tatu, wanakosa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanajiona wameshindwa, wanavunja kibubu. Ulishindwa kwa hesabu, sio kwa tabia.

Hesabu sahihi inaanza na mbalamwezi yenyewe. Kabla ya bati lolote, akiba yako ya kwanza ni chakula cha siku za mwezi mpevu, kwa sababu hizo siku kumi ndizo zinazokuingiza kwenye mkopo mbaya, au zinakufanya upokee hela ya tajiri leo kwa makubaliano ya kumuuzia yeye tu giza likirudi, kwa bei anayotaka yeye. Nyumba ikila 8,000 kwa siku, siku kumi ni 80,000. Gawa kwa siku 18 za kazi, unapata kama 4,450, ifanye 4,500.

Ndio uje kwenye bati. Laki kwa mzunguko gawa kwa 18 ni kama 5,600 kwa siku. Jumlisha na 4,500 unapata 10,100, na kwenye zile 18,000 zinabaki 7,900 ambazo hata chakula cha siku hazitoshi. Haiwezekani, usijidanganye. Basi sogeza tarehe: badala ya mizunguko 6 fanya 12, elfu hamsini kwa mzunguko, 2,800 kwa siku ya kazi. Sasa angalia 18,000 zetu: 10,000 mshahara wa nyumbani, 4,500 ya mbalamwezi, 2,800 ya bati, inabaki 700 ya vocha. Imebana lakini inaingia. Na siku za mbalamwezi unaweka sifuri, kwa raha zako, kwa sababu sifuri hiyo ilikuwa kwenye mpango.

Kama hata kwa kusogeza tarehe haiingii, punguza lengo. Mabati 10 mwaka huu. Kuna wanaosema kupunguza lengo ni kukata tamaa, hao wengi wana mshahara.

HATUA YA 4: Wapi pa kuweka

Hapa tutakaa kidogo maana ndipo hela nyingi zinapopotelea.

Kibubu. Kizuri kwa kuanzia, hakina makato, kiko karibu. Ubaya ni huohuo, kiko karibu. Ila usikidharau. Magharibi mwa Kenya, watafiti waliwapa watu wa vikundi vya mchezo wa kupeana hela kwa zamu sanduku la chuma lenye kufuli kwa ajili ya akiba ya afya. Wale waliobaki na ufunguo wao wenyewe waliongeza sana hela waliyotumia kwenye kinga ya afya. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo unashikwa na mtu wa mradi, hilo halikusaidia kwenye jambo hilo, gharama ya kufungia hela ilikuwa kubwa kwao, mtu anaogopa akipata shida itakuwaje. Kwa hiyo 4,500 za mbalamwezi zinakaa vizuri kwenye kibubu cha kufuli, kwa sababu ni hela ya kutumika karibuni, unahitaji kuifikia.

Hela ya bati ni tofauti, hiyo ifungwe. Ufilipino, benki moja ya Mindanao ilifungua akaunti ambayo huwezi kutoa mpaka tarehe uliyoichagua au kiasi ulichokitaja kifike. Waliopewa nafasi hiyo, ingawa waliokubali kujiunga ni kama asilimia 28 tu, baada ya mwaka mmoja wastani wa akiba ya kundi zima ulikuwa umepanda kwa asilimia 81 ukilinganisha na kundi lisilopewa. Benki zetu nazo zina akaunti za malengo za aina hiyo, ukienda tawini uliza maswali haya tu: kuna makato ya mwezi, naruhusiwa kutoa kabla ya muda, nikitoa napoteza nini. Akijibu kwa kuzungukazunguka, toka.

Mchezo, au upatu. Watu 10, kila mtu elfu 5 kwa wiki, mmoja anapokea 50,000. Hauna riba, una nidhamu ya aibu, na aibu inafanya kazi asee. Ukiwa na lengo lenye tarehe omba zamu inayoendana na tarehe yako, usichukue ya kwanza kwa sababu tu ni tamu. Hatari ni kijumbe, yule anayekusanya hela, anayekimbia na mwanachama anayepokea kisha haonekani tena, hivyo cheza na watu ambao unajua wanapolala.

Kikoba. Mfumo huu wa hisa na sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la misaada la CARE, ukasambaa mpaka kwetu. Unaponunua hisa, mara nyingi moja mpaka tano kwa kikao, hela inakopeshwa kwa wanachama, riba inarudi kwenye sanduku, mwisho wa mzunguko mnagawana kwa idadi ya hisa. Mambo ya kuangalia kabla hujaingia: sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu ambao sio ndugu, hela inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, kila mtu ana kitabu chake, na mwenyekiti akikopa anarejesha kama wengine. Hili la mwisho litazame sana. Kitu kingine ambacho vikundi vya mwaloni vinatakiwa kukifanya na wengi hawafanyi ni kuandika kwenye katiba kwamba wiki za mbalamwezi hisa ni hiari na rejesho linasogezwa mbele, vinginevyo mtu anakopa nje kwa riba kubwa ili asiaibike kikaoni, yaani kikundi cha akiba kinamtengenezea deni.

Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri, kwa afisa maendeleo ya jamii. Usiogope usajili. Kikundi kilichosajiliwa chenye daftari safi ndicho kinachoweza kuomba ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Simu. M-Pesa, Airtel Money, Mixx, zote ni nzuri kuliko kutembea na hela Igoma usiku, na kwa vikundi kuna M-Koba ambapo mtu mmoja hawezi kutoa hela peke yake bila wenzake kuidhinisha. Lakini makato ya kutoa yanakwenda kwa viwango, ukitoa elfu tano mara sita unaumia kuliko kutoa elfu thelathini mara moja, soma bango la wakala. Na usiweke akiba kwenye salio lilelile unalonunulia bando.

HATUA YA 5: Kausha damu

Huwezi kujaza ndoo iliyotoboka, kwa hiyo kama una mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, huo ndio lengo lako namba moja, bati lisubiri. Hesabu yake iko hivi. Umekopa laki, unarudisha 130,000 mwisho wa mwezi. Ukikosa, mkopeshaji anakwambia kwa upole lete 30,000 ya riba tu mama, mtaji utaleta mwezi ujao. Ukienda hivyo mwaka mzima umetoa 360,000 na laki yake bado unadaiwa. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili, yaani kwa laki ni 3,500. Pima tofauti. Kikoba kikitoza asilimia 10 ni ghali pia, ila hiyo riba inarudi sehemu yake kwako siku ya mgao.

Omba kuona leseni, omba mkataba wa Kiswahili, na asiyekupa nakala usisaini. Wakopeshaji hao wa daraja la pili hawaruhusiwi kupokea amana, hivyo ofisi ya mikopo ikikwambia weka kwanza akiba kwetu ndio tukukopeshe, inuka. Apu za mikopo nazo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zisizo na leseni, zile za kuwatumia watu wote kwenye simu yako meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza, malalamiko yanapokelewa.

HATUA YA 6: Ndugu, misiba na kukumbushwa

Hakuna mwongozo wa akiba unaosema hili vizuri, wanaandika "jifunze kusema hapana" kama vile wifi yako wa Sengerema akipiga simu mtoto anaumwa utamwambia hapana. Hutasema. Kwa hiyo panga. Tenga kiasi kidogo kila mzunguko cha rambirambi na ndugu, hata 5,000, kikiisha kimeisha na unaweza kusema bila kona "wifi mwezi huu nimemaliza, nitaangalia giza lijalo". Hiyo sio uongo na haimuumizi mtu. Kikundi kikiwa na mfuko wa jamii ndio bora zaidi, msiba unalipwa na mfuko, bati lako halitikisiki.

Mume na mke wakae mezani. Nimeona nyumba ambazo mama anaficha kibubu na baba anaficha hela ya mabondo ya sangara, kila mmoja ana mpango wake, nyumba haiezekwi. Kama kuonyeshana kila kitu kuna vita, onyeshaneni lengo tu na mchango wa kila mmoja.

Kukumbushwa kunasaidia, hii ilipimwa Bolivia, Peru na Ufilipino, mtu akitumiwa meseji ya kumkumbusha aliweka zaidi, hasa ikimtajia lengo lake na faida atakayopata. Hauhitaji benki kwa hilo. Weka alamu kwenye simu saa unayomaliza kuuza, iandike "BATI 20" badala ya "akiba".

HATUA YA 7: Siku ya mgao

Vikoba vingi vinavunja Desemba, hela inaingia mkononi tarehe 15, tarehe 25 kuna pilau na vitenge sare, tarehe 5 Januari madaftari na sare za shule zinakopwa. Pendekezeni kikundi kivunje wiki ya shule, au kama Desemba ni lazima, fanya hivi: wiki moja kabla nenda duka la vifaa, chukua bei ya maandishi, siku ya mgao pitia dukani kabla ya kufika nyumbani, na mtoa mzigo akushushie pale site mbele ya fundi au jirani unayemwamini. Bati huwezi kulitoa kwa wakala saa mbili usiku.

Chukua risiti, hesabu bati moja moja, angalia geji, yaani unene wa bati, iliyoandikwa ni ile uliyolipia maana kuna wanaochanganya. Kikibaki chochote kirudishe pochi ya mzigo, usikile. Na kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko mpya nunua hisa palepale, hata moja, ukiwa na karatasi ya lengo linalofuata mfukoni lenye bei uliyoulizia wiki hiyohiyo na sio ya mwaka jana, saruji inapanda.

Mkihitaji mtu wa kuwafundisha kuandika vitabu vya kikundi, aanze afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Mwiteni mbalamwezi, giza hamtakaa.